Kofia ya Plagi, Cheni na Tambara: Niliyojifunza kwa Pikipiki Barabara ya Mgeta

Ilikuwa masika, saa moja usiku, natoka Morogoro mjini kurudi kituoni kwangu Mgeta. Lami nilishaiacha pale Sangasanga, nimeanza kuutafuta mlima, nikaingia kwenye dimbwi lenye kina kuliko nilivyodhani. Maji yakaruka mpaka magotini. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikapiga kiki mpaka mguu ukaanza kutetemeka. Wapi! Nikasukuma karibu kilomita mbili, viatu vimejaa tope, hadi kwenye kibanda cha fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa ameshaanza kufunga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Imepita kwenye maji hiyo?”

Hakusubiri jibu. Alichuchumaa, akachomoa kofia ya plagi, akaikung'uta kiganjani. Likadondoka tone moja la maji. Akatoa tambara mfukoni, akafuta kichwa cha plagi, akapuliza ndani ya kofia, akairudisha. Kiki moja, ikawaka.

“Haiumwi hii,” akasema. “Imepata mafua tu.”

Nililipa nikiwa na aibu kuliko uchovu. Huu ni mwaka wa sita niko na pikipiki hiyohiyo, ya cc 125. Imebeba madaftari, mbolea, wagonjwa na matenga ya nyanya kutoka gulio la Nyandira. Imenikwamisha mara nyingi, lakini hata siku moja haijanikwamisha kwa sababu injini imekufa. Kila mara imekuwa ni maji, uchafu, waya au nati iliyolegea: vitu ambavyo ningeviona asubuhi kama ningeinama. Haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

Ikizima baada ya kupita kwenye maji

Usiipige kiki mfululizo, utachoka bure. Zima swichi, chomoa kofia ya plagi, ifute ndani na nje, ipulize, kisha irudishe mpaka uisikie imekaa. Kama bado inagoma, fungua na plagi yenyewe uikaushe.

Ukiwa umeifungua, itazame rangi. Ncha yenye rangi ya udongo mkavu ni ya injini inayokula vizuri. Ikiwa nyeusi na ina masizi makavu, petroli inaingia nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi. Ikiwa nyeusi na inateleza kwa oili, hapo nenda kwa fundi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inachemka kupita kiasi, hapo usichelewe.

Ili maji yasirudi, nilikata kipande cha tyubu kuukuu nikakivisha shingoni mwa kofia ya plagi, kikawa kama sketi. Tangu nimekivisha, madimbwi ya kawaida hayanisumbui.

Inazima yenyewe, ukipumzika inawaka

Huu ugonjwa ulinizungusha wiki nzima. Natembea kilomita tano au sita, pikipiki inapungua nguvu, inazima. Nikikaa kidogo inawaka, natembea tena, inazima tena. Nilishanunua plagi mpya kwa ajili yake.

Siku moja ilipozima nikafungua kifuniko cha tangi kuangalia mafuta. Nikasikia “sssss”, hewa inaingia kwa pupa. Kumbe kwenye kifuniko pana kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na vumbi la barabarani lilikuwa limekiziba. Petroli ikishuka bila hewa kuingia juu yake, inafika mahali haishuki tena. Nilikizibua kwa pini na kuosha kifuniko kwa petroli. Ugonjwa ukaisha siku ileile. Ikikutokea, jaribu hivyo kabla ya kununua kitu chochote.

Petroli ya chupa

Huku milimani mara nyingine tunanunua petroli iliyowekwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na zingine zinakuja na maji kweli. Chini ya kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Injini ikiwa imepoa, na hakuna anayevuta sigara jirani, kinga kwa chupa inayoonyesha ndani, legeza skrubu hiyo, acha petroli itoke kidogo. Maji hayachanganyiki na petroli: utayaona yamelala chini, yanateleza kama shanga. Endelea mpaka itoke petroli tupu, kisha kaza kwa kiasi, maana uzi wake huharibika upesi.

Na koki ya mafuta iangalie kabla hujaondoka. Wengi tumesukuma pikipiki yenye petroli ya akiba kwa kusahau tu kuigeuza. Ukishajaza mafuta, irudishe mahali pake pa kawaida. Usiporudisha, akiba itakwisha bila wewe kujua, na siku hiyo hutakuwa na pa kugeuzia.

Cheni: legevu ina kelele, iliyokazwa sana inakula kimyakimya

Zamani nilidhani cheni nzuri ni ile iliyokaza kama waya wa gitaa. Kosa. Ukikaa wewe na abiria na tenga nyuma, shokapu zinashuka na cheni inavutika zaidi. Kama tayari ilikuwa imekaza, inakula sproketi na beringi.

Mimi naisukuma sehemu ya chini, katikati ya sproketi mbili, juu na chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo mchezo wa sentimita mbili hadi tatu unatosha. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo kamili. Zungusha gurudumu upime sehemu tatu au nne, kwa sababu cheni hairefuki sawasawa, kisha rekebisha kwa kufuata pale ilipokaza zaidi. Unapovuta gurudumu nyuma, hakikisha alama za kushoto na kulia ziko sawa, la sivyo gurudumu litakaa upande na cheni italika.

Kuna na kile kipini cha kufungia cheni chenye umbo la samaki. Kichwa chake kilichoziba kielekee kule cheni inakokimbilia. Mkia uliopasuka ubaki nyuma. Ukikigeuza, jiwe moja tu linaweza kukichomoa.

Oili chafu kwenye cheni ni kama kuinyunyizia gundi, inakusanya vumbi lote la njia. Naisugua kwa brashi na mafuta ya taa, naikausha, halafu naipaka oili safi ya gia jioni, ikiwa bado na joto la safari, ili ipenye usiku. Gurudumu nalizungusha kwa mkono. Usifute cheni kwa tambara huku injini ikiwaka na gia imeingia. Tambara likinaswa, linakwenda na vidole.

Waya wa klachi

Huu hukatika kwenye kichwa chake, pale kwenye mkono wa klachi, na huanza na uzi mmoja mmoja. Kila Jumapili navuta mkono wa klachi natazama. Nikiona nyuzi zimesimama kama ndevu, nabadilisha. Madereva wa bodaboda wa Mzumbe walinifundisha hila moja tamu: pitisha waya mpya kandokando ya ule wa zamani, uufunge kwa utepe, uache ncha zake zimezibwa zisiingie maji. Ukikatika gizani, unahamisha ncha mbili tu, na safari inaendelea.

Oili

Usiweke oili ya gari kwa sababu ni rahisi. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze: injini inapiga kelele, mlima haupandiki. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, na unene ule uliotajwa kwenye kitabu chako. Yangu inatumia 20W-50. Ipime pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa tambarare, si imeegemea stendi ya pembeni.

Kushuka mlima

Kuna wanaoshuka Mgeta wameweka gia huru ili kuokoa petroli. Nawaomba, acheni. Breki ya ngoma ikisuguliwa mfululizo inapata joto, na ikishapata joto haikamati tena, hata uikanyage na miguu miwili. Shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia, breki uishike na kuiachia. Kwenye mkono wa breki ya nyuma, upande wa gurudumu, pikipiki nyingi zina mshale mdogo. Kanyaga breki: mshale ukifika kwenye alama, viatu vya breki vimekwisha, na hiyo kazi mpelekee fundi. Mambo ya kubahatisha mimi nayafanya kwenye kabureta. Kwenye breki sibahatishi.

Mfuko wangu

Chini ya kiti nabeba spana namba 10, 12 na 14, spana ya plagi, bisibisi, plaizi, plagi ya akiba, kipini cha cheni, kipande cha tyubu, pini moja na tambara kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Tambara hilo nimelibadilisha mara nne, limechakaa kwa kufuta kofia za plagi, zangu na za watu niliowakuta wamekwama kwenye madimbwi ya masika. Plagi ya akiba bado iko kwenye boksi lake, haijafunguliwa.