Maneno Matatu Kando ya Kitanda: Kueleza kwa Kiswahili Sababu za Jeni na za Kingamwili katika Ugonjwa wa SHU

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili katika kitivo hiki, niliitwa hospitalini kutafsiri. Mgonjwa alikuwa mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, mwenye umri wa miaka tisa. Uso na miguu vilikuwa vimevimba, ngozi imepauka, mkojo umekuwa mchache na mweusi. Daktari alieleza hali yake kwa Kifransa. Baba mdogo anasikia Kifransa kidogo. Mama mdogo hasikii kabisa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa lugha, na kazi hiyo niliiona nyepesi.

Daktari alitumia maneno matatu: atypique, génétique, auto-immune. Nami nikasema: "Ni ugonjwa usio wa kawaida. Pengine ni wa kurithi, pengine mwili wake unajishambulia." Kila neno nililotumia limo katika kamusi. Lakini kabla ya wiki kwisha, mama mdogo alikuwa amerudi kwa wazazi wake, na mtoto amebaki kitandani bila mama.

Katika makala hii nataka kuonyesha kwa nini maneno hayo matatu yalishindwa, na jinsi ugonjwa wenyewe, ukieleweka vizuri, unavyotuelekeza kwenye maneno mengine.

1. "Usio wa kawaida"

Herufi SHU ni kifupi cha jina la Kifransa, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita sindromu ya hemolisisi na uremia. Hemolisisi ni kupasuka kwa chembe nyekundu za damu. Uremia ni kubaki katika damu kwa uchafu ambao ungetoka kwa njia ya mkojo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1955 na Conrad Gasser, daktari wa watoto wa Uswisi, pamoja na wenzake.

Mambo matatu huonekana kwa pamoja. Ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, hasa ile ya figo, unaumia, na vidonge vidogo vya damu iliyoganda vinaziba njia. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu, zinatumika huko mpaka zinapungua. Chembe nyekundu zinapojipenyeza katika njia hizo zilizobanwa zinachanika, na mtoto anaishiwa damu. Figo nazo zinashindwa kusafisha.

Mara nyingi kwa watoto chanzo ni sumu ya bakteria: aina fulani za Escherichia coli zinazopatikana katika nyama isiyoiva vizuri au maji machafu, au Shigella dysenteriae aina ya 1, ile iletayo kuhara damu. Hiyo ndiyo SHU ambayo madaktari huiita ya kawaida. Wanaposema atypique, wanataka tu kusema kwamba chanzo si sumu hiyo, na kwamba inafaa kutafuta ndani ya kinga ya mwili.

Lakini familia ilisikia nini? Katika Kiswahili chetu, ugonjwa ambao si wa kawaida ni ule wenye mkono wa mtu. Shangazi yangu aliyekuwa mlangoni hakuuliza juu ya figo. Aliuliza: "Nani?" Neno la kuainisha lilikuwa limegeuka kuwa neno la kushitaki, na niliyelileta ni mimi.

2. Makaa na majivu

Kabla ya kufika kwenye neno la pili, lazima tujue jambo lenyewe. Katika maji ya damu yetu mna kundi la protini zaidi ya thelathini linaloitwa komplementi. Jules Bordet, Mbelgiji aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919, alionyesha kwamba kingamwili peke yake haitoshi kuua bakteria. Kuna kitu kingine katika damu kinachohitajika. Paul Ehrlich, Mjerumani, ndiye aliyekiita komplementi, yaani kinachokamilisha.

Sehemu moja ya komplementi haizimwi kamwe. Inawaka polepole usiku na mchana, tayari kuruka juu ya bakteria. Mfano ulionisaidia baadaye ni wa mbabula. Usiku mama hazimi makaa; anayafunika kwa majivu ili asubuhi apate moto upesi. Bila majivu, upepo mdogo tu unayawasha, na moto unaweza kushika nyumba.

Katika mwili, majivu hayo ni protini za kuzuia. Iliyo kubwa kwa habari yetu ni faktori H, inayotengenezwa hasa na ini na kuzunguka katika damu. Inaketi juu ya seli zetu na kuzuia komplementi isizichome. Kuna nyingine, MCP, ambayo haizunguki: imeshikamana na seli yenyewe. Majivu yakikosekana, komplementi inachoma ukuta wa mishipa ya figo, na SHU inaanza. Majivu yanaweza kukosekana kwa njia mbili, na hapo ndipo yanapoingia yale maneno mengine mawili ya daktari.

3. "Wa kurithi"

Njia ya kwanza ni ya jeni. Mwaka 1998 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walihusisha SHU hii na jeni ya faktori H, iliyo katika kromosomu ya 1. Baadaye kasoro zilipatikana katika jeni za MCP, faktori I, faktori B na C3. Leo karibu nusu ya wagonjwa au zaidi hukutwa na kasoro ya namna hiyo. Majivu yao ni haba, au hayashiki vizuri, tangu kuzaliwa.

Tuangalie sasa kitenzi -rithi. Katika Kiswahili, mtu anarithi kitu ambacho mwingine alikuwa nacho: shamba, jina, kiti. Anayesikia "ugonjwa wa kurithi" anatafuta palepale mwenye mali wa kwanza. "Njo kusema bugonjwa inatoka kwa mama," alisema shangazi, kwa kuwa upande wa baba hakuna aliyepata kuugua figo, na upande wa mama kulikuwa na dada aliyefariki akiwa mjamzito.

Ukweli ni tofauti katika mambo matatu. Kwanza, kasoro inaweza kutoka kwa baba sawasawa na kwa mama, na mara chache inaanza kwa mtoto mwenyewe. Pili, mwenye kasoro si lazima augue: takriban nusu ya walio nayo hawapati ugonjwa maishani mwao. Tatu, inahitajika upepo wa kuwasha makaa, kama maambukizi, kuhara, au mimba. Kinachopita kutoka kwa mzazi ni uelekeo, wala si ugonjwa. Baba mwenye afya kamili anaweza kuwa ndiye aliyeupitisha.

Daktari aliomba damu ya wazazi wote wawili ipelekwe ng'ambo pamoja na ya mtoto. Baba mdogo alishauriwa na nduguze asitoe, maana "asili imekwisha kujulikana". Mama mdogo alikataa kwa sababu nyingine. Aliniambia: "Mi sikumulogaka mutoto yangu. Mukipima, mutasema ni miye." Aliogopa kwamba mashine ingethibitisha neno langu.

4. "Mwili unajishambulia"

Njia ya pili ni ya kingamwili. Ehrlich aliwahi kufikiri kwamba mwili una hofu ya kujidhuru wenyewe, hata hauwezi kutengeneza silaha dhidi yake. Mwaka 1904 Julius Donath na Karl Landsteiner walionyesha ugonjwa ambamo kingamwili za mgonjwa zinaharibu chembe zake nyekundu. Mlango ukafunguka kwa magonjwa mengine ya namna hiyo.

Kuhusu SHU, watafiti wa Ufaransa walieleza mwaka 2005 habari za watoto watatu ambao damu yao ilikuwa na kingamwili dhidi ya faktori H. Majivu yao yalikuwa mazuri, lakini kulikuwa na mkono uliokuwa ukiyapangusa. Hali hii huonekana hasa kwa watoto wa umri wa shule. Katika Ulaya ni wagonjwa wachache. Katika India imeonekana kuwa zaidi ya nusu ya watoto wenye SHU isiyotokana na sumu.

Hapa mpaka kati ya maneno mawili unafifia. Wengi wa watoto hao wanakosa jeni mbili zilizo jirani na ile ya faktori H, CFHR1 na CFHR3. Basi hata katika ugonjwa wa kingamwili jeni ina sehemu yake. Lakini kukosa jeni hizo kunapatikana pia kwa watu wengi wenye afya njema, kwa hiyo peke yake hakumshitaki mtu.

Na sarufi? Kiambishi -ji- kinamfanya mtendaji na mtendwa kuwa mmoja. "Mwili wake unajishambulia": mama mdogo alinitazama akauliza, "Mutoto anataka kufa?" Kiswahili kilikuwa kimempa mtoto nia. Ingefaa nimtaje mtendaji halisi: "Kuna kingamwili zilizokosea, zinakifunga kizuizi cha moto." Hapo mtoto hana kosa, na dawa ina mahali pa kushika.

5. Kwa nini tofauti hiyo ina uzito

Tofauti kati ya sababu hizo mbili inaelekeza tiba. Mwenye kingamwili anasaidiwa kwa kubadilishiwa maji ya damu na kwa dawa zinazopunguza utengenezaji wa kingamwili. Mwenye kasoro ya faktori H, akipewa figo mpya pekee, anaweza kuipoteza, kwa kuwa faktori mbovu bado inatoka katika ini. Mwenye kasoro ya MCP ana tumaini zaidi, kwa kuwa figo mpya inakuja na MCP yake yenyewe. Tangu mwaka 2011 ipo pia eculizumab, dawa inayozuia C5, hatua ya mwisho ya moto huo. Lakini bei yake iko mbali sana na mifuko yetu.

Nilirudi kwa familia na mfano wa mbabula. Nilisema mbele ya wote kwamba niliyekosea ni mimi. Baba mdogo ndiye aliyetoa damu kwanza. Mama mdogo alirudi kitandani kwa mwanawe siku iliyofuata, na yeye akatoa. Majibu yalionyesha kingamwili. Mtoto alisafishwa damu kwa mashine kwa wiki kadhaa, akapewa maji ya damu na dawa. Leo anasoma, ingawa figo zake zinapimwa bado.

6. Istilahi ninazopendekeza

Badala ya "SHU isiyo ya kawaida": SHU ya komplementi, au SHU isiyotokana na sumu.
Badala ya "ugonjwa wa kurithi": uelekeo unaotokana na jeni. Iongezwe daima: "unaweza kutoka upande wowote, na mwenye nao anaweza asiugue."
Badala ya "mwili unajishambulia": kingamwili zilizokosea, na kitajwe kitu zinachokishika.

Hitimisho

Tunafundishwa kutafuta neno linalolingana na neno. Kando ya kitanda nilijifunza kuuliza maswali mawili kwanza: neno hili linamfanya nani kuwa mtendaji, na msikilizaji ataondoka akimtafuta nani? Mtafsiri ambaye hajauelewa ugonjwa hawezi kuyajibu. Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wanaoitwa hospitalini kama nilivyoitwa: mwambieni daktari aeleze mara ya pili, kabla ninyi hamjaeleza mara ya kwanza.