Malengelenge ya Mdomo: Si Homa Inayotoka

Unaamka asubuhi mdomo wa juu, upande mmoja, unachonyota kama uliopakwa pilipili. Ukijitazama kwenye kioo huoni kitu. Jioni pametuna. Kesho yake kuna kishada cha vilengelenge vidogo vyenye maji, vimebanana pale mdomo unapokutana na ngozi ya uso. Nyumbani wanakutazama, na hakosi mmoja wa kusema: "Malaria hiyo, imetokea mdomoni. Sasa utapona."

Usemi huo una chembe ya ukweli, ndiyo maana haufi. Malaria, nimonia, mafua makali, homa karibu yoyote huweza kuamsha malengelenge haya. Ila homa haitokei mdomoni. Kinachofanya kazi pale ni kirusi cha herpes simplex aina ya kwanza, na huenda unacho tangu utotoni. Kikishaingia mwilini hupanda na mshipa wa fahamu wa uso hadi ndani ya fuvu, kikalala huko maisha yote. Siku mwili ukichoka, ukipigwa na jua kali, ukiwa na homa, mawazo au hedhi, kinateremka kwa mshipa uleule. Ndiyo sababu watu wengi huota malengelenge mahali palepale kila mara.

Kwa hiyo mdomo haupimi malaria. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe damu, hata kama mdomo umejaa vidonda. Kama huna homa, usinunue dawa ya mseto ya malaria kwa sababu ya lengelenge.

Si ugonjwa wa aibu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana kirusi hiki, yaani 64 katika kila 100. Wengi wao hawajawahi kuota hata lengelenge moja, na wengi walikipata wakiwa wadogo, kwa busu la mtu aliyewapenda. Minong'ono ya jirani kuhusu tabia ya mwenye kidonda haina msingi. Kuna jambo moja tu la kuzingatia: kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi kinaweza kuashiria kinga ya mwili iliyoshuka. Hapo nenda kituo cha afya, na upime VVU.

Kutibu

Malengelenge hupasuka, hutoa maji, hufanya gaga la rangi ya kahawia, kisha hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 14 bila kuacha kovu. Paka mafuta ya mgando ili gaga lisipasuke, meza parasetamo ukiumwa, weka ndimu na achari kando kwa siku chache. Usilibandue gaga.

Dawa yenyewe ni aciclovir. Saa zake bora ni zile za mchonyoto, kabla lengelenge halijatokeza. Ukingoja gaga umechelewa. Krimu ya asilimia 5 hupakwa mara 5 kwa siku kwa siku 5. Vidonge kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 200 mara 5 kwa siku, siku 5, lakini mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo waulize kwanza kwa mhudumu wa afya. Dawa hupunguza siku za maumivu, haikifukuzi kirusi.

Dawa ya meno, spiriti na majivu vinaunguza ngozi iliyokwisha kuumia. Antibiotiki haiui kirusi. Hatari zaidi ni zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, ambazo muuzaji hukupa kwa kila kipele: hupooza uwekundu huku kirusi kikipata nafasi ya kuenea. Usizikubali.

Jicho na vidole

Nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa kidonda. Kirusi kikifika kwenye jicho huweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho na kupunguza uwezo wa kuona. Jicho likiwa jekundu, linauma na kuogopa mwanga, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usitie matone ya kununua kienyeji.

Kidonda kikiwapo, kikombe, kijiko, mswaki na rangi ya mdomo visiazimwe. Kujamiiana kwa mdomo nako kuahirishwe, kwani kirusi hiki huweza kuhamia sehemu za siri.

Huenda ni kitu kingine

Nyufa kwenye pembe za mdomo, bila vilengelenge, mara nyingi ni fangasi au upungufu wa madini na vitamini. Gaga la njano kama asali usoni kwa mtoto ni bakteria. Vipele vikienea mikononi, usoni na sehemu za siri, pamoja na homa na mitoki, wahi kituo cha afya: mpox ilizuka Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya mwaka 2024.

Watoto

Mtoto mdogo anapoambukizwa mara ya kwanza huweza kuugua sana: homa, fizi zilizovimba na kutoa damu, udenda, kukataa chakula. Kinachomhatarisha ni kukaukiwa maji. Mpe maji kidogo kidogo kwa kijiko, maziwa, uji uliopoa. Akipitisha saa 6 bila kukojoa, mpeleke kituo cha afya.

Kwa mtoto mchanga kirusi hiki huua. Hebu fikiria shangazi amekuja ndani ya arobaini, na doti ya khanga na sabuni kwenye mfuko. Ananawa, anampakata kichanga, anainamisha uso kumbusu. Mdomoni ana kigaga kidogo anachokiita cha homa. Hapo mama, hata kama ni mkwe, amkatalie kwa upole: "Shangazi, nimefurahi umekuja. Busu tuliweke mpaka upone."

Mama mwenyewe akiwa na malengelenge, aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono, asimbusu mtoto. Asinyonyeshe titi lenye kidonda. Kutafuna chakula na kumlisha mtoto, kama mabibi walivyozoea, kuachwe kabisa.

Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa, akiwa wa baridi au akishikwa na degedege, mkimbizeni hospitali usiku huohuo, hata kama hana lengelenge mwilini, na mwambieni daktari ni nani aliyekuwa na kidonda mdomoni.