Mtoto Mdogo Katika Mji Mgeni: Matembezi ya Familia na Afya

Familia inapohama, mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 3 hupoteza kwa siku moja ua aliouzoea, bibi aliyembeba na watoto wenzake wa kukimbizana nao. Maneno ya kueleza huzuni hiyo hana. Huieleza kwa kulia, kugoma kula na kukesha. Somo hili linaeleza namna mzazi anavyoweza kumtafutia mtoto mahali pa kutembea na kucheza katika mji asioujua, na namna mhudumu wa afya anavyoweza kumsaidia.

Mfano wa kujifunzia

Mama mmoja alihamia Mbagala, Dar es Salaam, akitokea Njombe na mtoto wa kiume. Baba hutoka alfajiri na kurudi usiku. Chumba chao kimepakana na barabara yenye pikipiki nyingi. Kwa hiyo mlango hufungwa kutwa, na mtoto hupewa simu atazame katuni. Mtoto alipofika miezi 20, mama alimpeleka kituo cha afya kwa kuwa alikataa chakula na usingizi wake ulikuwa umevurugika. Muuguzi alimpima, asione homa wala dalili ya ugonjwa. Kisha akauliza: "Mama, mtoto wetu huyu hucheza wapi?"

Mama akajibu: "Kitandani, nesi." Halafu akaanza kulia.

Kadi ya kliniki ilionyesha jambo jingine. Chanjo ya pili ya surua na rubela, inayotolewa mtoto afikishapo miezi 18, haikuwa imetolewa. Zamu yake iliangukia siku zilezile za kufunga mizigo.

Kwa nini matembezi ni suala la afya

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 2 apate angalau dakika 180 za kujongea kila siku, zikigawanywa katika vipindi mbalimbali, na saa 11 hadi 14 za usingizi, ukiwamo wa mchana. Mtoto wa mwaka 1 hashauriwi kukalishwa mbele ya skrini. Wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku. Kukimbia, kupanda na kuchezea mchanga huimarisha misuli na mizani ya mwili, huleta njaa na kuleta usingizi. Maneno nayo hukua kwa mazungumzo: mtoto huonyesha kidole kwa kunguru, mama hutaja jina, mtoto huliiga. Katuni haimjibu.

Pa kuanzia

Safari ya kwanza katika mji mgeni iwe kliniki. Huko mtoto hupimwa uzito na hupewa chanjo zilizopitwa. Tena huko, kwenye benchi la kusubiri, mama hukutana na wenzake wanaoujua mtaa. Mama wa mfano huu aliambiwa na jirani wa benchi kwamba mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu huruhusu watoto wadogo kucheza uwanjani baada ya masomo. Mahali pa karibu panapofikika kila siku panamfaa mtoto kuliko pa mbali pa mara moja kwa mwaka.

Siku ya mapumziko, familia yaweza kwenda mbali zaidi. Katika Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali na nafasi ya mtoto kukimbia. Bustani ya Botania, karibu na Makumbusho ya Taifa, ina vivuli vya miti mikubwa. Kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni ni safari fupi, lakini kwa mtoto meli ni ajabu tosha. Ni vema kuuliza kiingilio na saa za kufungua kabla ya kupanda daladala. Saa 1 au 2 za matembezi zinatosha. Mtoto aliyechoka hafurahii kitu.

Tahadhari

• Joto la pwani humwelemea mtoto aliyetoka nyanda za juu. Matembezi yawe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, pamoja na kofia na maji safi ya kunywa.
• Ufukweni, mtoto awe daima ndani ya urefu wa mkono wa mtu mzima. Mtoto huzama kimya, hata katika maji machache.
• Asipakiwe mbele ya dereva wa bodaboda.
• Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.
• Alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa, apimwe malaria ndani ya saa 24.

Kwa mhudumu wa afya

Familia iliyohamia karibuni iulizwe mambo matatu: kadi iko wapi, mtoto hucheza wapi, na mama huzungumza na nani. Mama aliyekosa furaha kwa wiki 2 au zaidi anahitaji kusikilizwa na kupewa rufaa inapobidi. Aidha, si kila ukimya wa mtoto ni ugeni. Asiyetembea akiwa na miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, afanyiwe uchunguzi wa ukuaji.

Mtoto wa mfano huu alichanjwa siku ileile. Alipopimwa tena baada ya miezi miwili, uzito ulikuwa umepanda na chakula alikuwa anakula. Usingizi wa usiku ulikuwa bado mfupi, na simu haikuwa imeondoka kabisa. Lakini alipoulizwa tena mtoto hucheza wapi, mama alitaja uwanja wa shule, na majina ya watoto watatu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kliniki inafaa kuwa safari ya kwanza ya familia iliyohamia?
2. Taja dalili tatu zinazodai uchunguzi wa ukuaji wa mtoto.
3. Katika mtaa wako, mtoto wa miezi 20 anaweza kucheza wapi kwa usalama, na nani wa kuombwa ruhusa?