Mbawakawa Aishiye Majini

Katika majaruba na madimbwi ya Usangu, kama hapa Igawa, tutazameni mbawakawa wa majini. Mababu zake waliishi nchi kavu, naye hana mashavu ya kupumulia kama samaki. Basi, anawezaje kukaa majini?

Kwanza, mwili wake ni mlaini na umechongoka kama mtumbwi, na miguu yake ya nyuma ni bapa yenye nywele, nayo ndiyo makasia yake. Pili, hupanda juu, hutokeza ncha ya mkia, huchukua hewa na kuiweka chini ya mbawa zake ngumu, kisha huzama nayo. Tatu, hakupoteza uwezo wa kuruka: dimbwi likikauka, huenda kutafuta jingine.

Watoto wake hula viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo tusimwage ovyo dawa za kuulia wadudu, tusije tukamwua atusaidiaye.

Mdudu huyu amebadilika mengi, lakini asipopanda kuvuta hewa hufa. Nasi, tuzamapo katika kazi za shamba na biashara, tusiache kupanda kwa Mungu katika sala.