Mtoto Chini ya Mretemu

JUMANNE

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Eliya alimwomba Mungu nini? Ni jambo gani ambalo Mungu alimtendea kwanza?

Nabii ambaye Mungu alimjibu kwa moto pale Karmeli alitamani kufa. Mungu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika na chakula, mara mbili. Maswali yalikuja baadaye, kule Horebu, mwili ulipokwisha kupata nguvu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wengi hawasemi, mwenendo wao ndio unaosema. Mtoto huumwa tumbo kila asubuhi ya shule, hukosa usingizi, huwakwepa rafiki zake, hukasirika upesi. Mzazi asiyeelewa huita hali hiyo uvivu, ukaidi au mapepo, na fimbo hufuata.

Mtoto akisema ni heri afe, asipuuzwe. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Maombi na matibabu hayashindani: Eliya aliomba, na malaika akamletea mkate.

Tafakari: Ni mtoto gani nyumbani mwako, au katika darasa la watoto kanisani, ambaye amebadilika siku hizi? Anahitaji "mkate" gani kabla ya kupewa mashauri?