Mkopo wa elimu ya juu: kuuomba na kuulinda
Swali: Kijana wa Kondoa anayeelekea Chuo Kikuu cha Dodoma aombeje mkopo, na afanye nini usikatike?

Jibu: Mikopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Maombi hufanywa mtandaoni, lakini kikwazo kikubwa ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo cha mzazi kwa yatima, huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Fomu husainiwa na mdhamini, uongozi wa kijiji au mtaa, na kamishna wa viapo. Kwa familia za vijijini, heri uhakiki uanze mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Mkopo huendelea kwa anayefaulu na kuingia mwaka unaofuata. Bumu, yaani fedha za kujikimu, lisiposainiwa kwa wakati, fedha hurudishwa Bodi.