SOMO LA LEO: KUFUPISHA SIYO KUFICHA

Leo nataka tujifunze kitu kutoka kwenye gemu na kompyuta, halafu tuone kinatufundisha nini kuhusu Sakramenti ya Kitubio. Usikimbie, hata kama hujawahi kuandika programu utaelewa.

Wengi mnacheza Minecraft. Mle ndani hupewi jembe, unalitengeneza. Mbao 2 zinakupa vijiti 4. Jiwe la chuma unaliweka kwenye tanuri pamoja na makaa, linatoka kipande cha chuma. Kisha vipande 2 vya chuma na vijiti 2 vinakupa jembe moja.

Sisi wa Ufipa hilo halitushangazi. Kabla ya majembe ya dukani, wazee wetu walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika ilungu, tanuri la udongo refu kuliko mtu. Lakini chuma cha ilungu kilikuwa bado na uchafu. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa, ndipo mhunzi akafua jembe. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa kuna mchezo wa kufupisha programu, wengine wanauita gofu. Kwenye gofu anashinda mwenye mapigo machache. Huku anashinda mwenye alama chache. Nilipokuwa chuo tuliwekewa shindano dogo: ukipewa idadi ya vyuma na vijiti, sema yatatoka majembe mangapi. Jibu ni kuchukua namba iliyo ndogo na kuigawa kwa 2, ukiacha baki. Kwa Python inaandikwa hivi:

print(min(map(int,input().split()))//2)

Hizo ni alama 39. Dada mmoja wa darasani alizifikia kabla yangu, nami nikaumia. Nikaangalia mifano mitatu ya majaribio: 7 na 11, 4 na 5, 9 na 20. Nikagundua kwamba kote chuma ni kichache kuliko vijiti, na hakifiki kumi. Nikaandika hii:

print(int(input()[0])//2)

Alama 25! Inasoma tarakimu ya kwanza tu na kuigawa kwa 2. Vijiti haiviangalii kabisa. Mifano yote mitatu ikapita, nikapigiwa makofi, nikapewa flashi ya GB 32. Aisee, nilijiona bingwa.

Likizo ya Desemba nikarudi nyumbani Matai. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anacheza Minecraft kwenye simu. Nikamwonyesha programu yangu kwa maringo. Akaniambia, "Kaka, mimi nina vyuma 12 na vijiti 6, hebu weka." Nikaweka. Ikatoka 0.

"Mbona inasema sifuri? Si yanatoka matatu?"

Nikamwambia simu ina shida. Yaani nikaongeza uongo juu ya uongo, mbele ya mtoto ambaye ananiamini kuliko mwalimu wake.

Wiki hiyo kulikuwa na maungamo ya kujiandaa na Noeli. Nikapiga foleni na yangu nimeshaifupisha vizuri: "Padre, nimekosa kwa maneno na kwa matendo." Basi. Padre akanyamaza kidogo, akauliza, "Maneno gani, mwanangu? Matendo gani?" Hapo nikaona kwamba nilichomfanyia mdogo wangu ndicho nilichotaka kumfanyia Mungu: kitu kifupi cha kupita majaribio, ndani hakuna kitu. Nikasema yote. Padre akaniambia, "Kufupisha siyo kuficha. Na cha mtu kinarudi kwa mwenyewe."

Nilirudisha. Nilimpigia yule dada, nikamweleza, nikampelekea flashi chuo kilipofunguliwa, na waandaaji nikawaambia. Yeye alisema tu, "Nilijua siku ileile. Nilikuwa nasubiri uniambie." Mdogo wangu naye nilimwomba msamaha. Huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

TUJIFUNZE NINI?

1. Ufupi ni mzuri. Yesu alituonya tusidhani tutasikilizwa kwa sababu ya maneno mengi (Mt 6:7), na yule mtoza ushuru hekaluni alisali kwa maneno machache sana (Lk 18:9-14). Lakini machache yale yalikuwa na ukweli wake wote.

2. Kusafisha ni kuondoa uchafu, siyo kuondoa chuma. Kintengwe kiliacha chuma. Mimi nilitupa chuma nikabaki na mng'ao. Unapoungama, ondoa visingizio na hadithi za wengine. Dhambi yenyewe itaje.

3. Kipaji kina mwenyewe. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta na gemu kama sisi. Inasimuliwa alijiwekea saa moja tu ya gemu kwa wiki. Ujuzi wake aliutumia kutengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi.

JIULIZE WIKI HII

Ni wapi "nimepita majaribio" huku najua kazi yangu haifanyi kazi? Nani ananidai ukweli? Kuna kitu cha mtu mkononi mwangu?

TUSALI

Bwana Yesu, unajua programu yangu yote, hata mistari niliyoificha. Nipe ujasiri wa kusema ukweli na kurudisha nilichochukua. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Uwe na wiki njema, na kama una muda, ongeza mfano wa nne kwenye programu yako kabla hujapokea makofi.